Randa ya mtumba: namna ya kuichagua, kuifufua na kuitunza

Kila baada ya mahafali ya chuo cha ufundi cha VETA napokea vijana wawili watatu hapa karakana kwangu Tanga, na swali lao ni lile lile: "Shikamoo fundi. Nianze na vifaa gani?" Mwezi mmoja baadaye anarudi na la pili: "Fundi, randa yangu inachana mbao. Tatizo nini?" Nimejibu kwa mdomo mara nyingi, safari hii naandika.

Swali la kwanza jibu lake fupi. Usinunue sanduku zima la vifaa vipya vya bei ya chini. Nunua randa moja nzuri, patasi tatu (mm 6, 12 na 25), msumeno, nyundo, skwea na futi. Halafu jifunze kunoa kabla hujaongeza hata kifaa kimoja. Mwenye patasi tatu zinazokata atamaliza kazi na kufagia wakati mwenye patasi kumi na mbili butu bado anasukumana na tundu la kwanza.

Swali la pili ndilo mwongozo wote huu. Nimechagua randa kwa sababu ina kila kitu ndani yake: chuma cha kunyoosha, kutu ya kutoa, makali ya kunoa, skrubu za kupanga. Ukiiweza randa, patasi haitakusumbua.

Kwa nini ya mtumba? Kwa sababu randa mpya za bei ya kutupwa nimezinunua mwenyewe mbili, na zote zilikuwa na soli iliyopinda na kisu laini kilichokunjika kwenye kifundo cha kwanza cha mninga. Randa za chuma za zamani ni jambo jingine. Muundo wake ni wa Leonard Bailey wa Marekani. Kampuni ya Stanley ilinunua hataza zake (haki za uvumbuzi wake) mwaka 1869 na umbo lile halijabadilika sana hadi leo. Record wa Sheffield, Uingereza, nao walitengeneza za namna hiyo hiyo. Utazikuta kwenye meza za vyuma chakavu Gerezani pale Dar es Salaam, au Gikomba kwa walio Nairobi, au, na hapa ndipo pazuri kuliko pote, nyumbani kwa mzee seremala aliyestaafu. Tafuta namba 4: urefu kama sm 25, kisu upana wa mm 50. Namba 5 ni ndefu zaidi, kama sm 35, nayo ni nzuri kwa kunyoosha mbao ndefu, lakini anza na 4. Namba mara nyingi imechorwa kwenye mwili wenyewe.

Kila karakana ina majina yake ya sehemu za randa, kwa hiyo tuelewane. Hapa soli ni uso wa chini unaogusa mbao. Mdomo ni tundu ambalo kisu kinachungulia. Bati la mgongo ni kile kipande kilichofungwa na kisu kwa skrubu moja nene. Kiti ni chuma cha mteremko ambacho kisu kinakilalia. Kibanio ndicho kinachokandamiza vyote kwa juu, na gurudumu ni lile la shaba la nyuma la kushusha na kupandisha kisu.

## Andaa hivi kwanza

- Kipande cha kioo cha mm 6 au zaidi, urefu kama sm 40. Fundi wa madirisha ya alumini anavyo vipande vya kutupa. Kigae cha marumaru kilichonyooka nacho kinafaa.
- Msasa wa maji: namba 80, 120, 220, 400, 1000 na 2000.
- Siki nyeupe chupa moja na beseni la plastiki. Usitumie sufuria ya alumini.
- Magadi kiasi cha vijiko viwili.
- Mafuta ya taa kidogo, na waya wa kusugulia masufuria.
- Mafuta ya cherehani. Kichupa kimoja kinakaa miezi.
- Kipande cha ngozi au mkanda wa zamani. Fundi viatu atakupa.
- Mshumaa, kalamu ya maka, rula ya chuma, bisibisi bapa pana, matambara.

Tenga Jumamosi nzima. Ukiianza saa kumi jioni utaikimbiza, na randa haipendi haraka.

## Hatua kwa hatua

1. Kagua kabla ya kutoa pesa. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha, kwa hiyo nenda taratibu. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuifungua. Mwambie tu, "Kaka, niruhusu niitoe kisu, sitaiharibu." Akikataa, mwachie randa yake.

Kisu kikishatoka, angalia mdomo. Nyufa nyingi zinaanzia kwenye kona za mdomo na kupanda ubavuni. Pitisha ukucha, ufa utaukamata. Kisha ining'inize randa kwa kidole na uigonge kidogo kwa ufunguo, kama mama zetu wanavyogonga chungu sokoni. Chuma kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti ya kukwama. Ikitoa sauti ya kukwama, irudishe mezani.

Halafu kisu. Kigeuze utazame mgongo wake, yaani ule upande bapa usio na mteremko. Kutu ya juu juu haina neno, ila ikiwa imechimba vishimo ndani ya sentimita moja kutoka kwenye makali, kisu hicho hakitaiva kamwe, kwa sababu kila kishimo kitakuwa pengo kwenye makali. Pima pia urefu uliobaki: kutoka makali hadi mwanzo wa ule mfereji wa katikati zikibaki chini ya sm 2, kinakaribia kufa.

Mwisho hesabu skrubu zote. Usijiambie "nati nitapata dukani." Nyuzi za skrubu za randa hizi ni za kipimo chake, boliti ya kawaida ya mm 6 haiingii, na ukiilazimisha unaharibu tundu. Mpini wa mbao uliovunjika usikutishe. Utauchonga mwingine wa mtiki au mninga kwa saa mbili.

2. Ifungue yote. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa skrubu ya kwanza, na nyingine kila unapotoa kipande. Skrubu iliyoganda itie mafuta ya taa, iache nusu saa, kisha tumia bisibisi inayojaza mfereji wote wa kichwa. Bisibisi nyembamba inakula kichwa, na ikishakula umekwama.

3. Toa kutu. Kisu, bati la mgongo na skrubu za chuma ziloweke kwenye siki. Anza asubuhi, chungulia kila saa mbili. Kutu nyepesi inalegea kwa saa nne. Nzito ilale usiku mmoja, si zaidi, kwa maana siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Gurudumu la shaba na mipini ya mbao visiingie humo. Mwili wa randa nao siuloweki: ni chuma cha kalibu, siki inauacha mweusi na wenye vinyweleo. Huo usugue kwa waya na mafuta ya taa.

Vikitoka kwenye siki, visugue, visuuze kwa maji yaliyoyeyushwa magadi ili ukali wa siki uishe, futa, anika juani dakika chache, na hapo hapo vipake mafuta ya cherehani. Nasema hapo hapo. Sisi wa pwani tunajua: chuma kilicho uchi kinaota kutu ya rangi ya manjano ukiwa bado unakitazama.

*Onyo:* usichanganye siki na dawa ya kufulia yenye klorini hata kwa bahati mbaya, mvuke wake ni sumu. Mafuta ya taa yakae mbali na jiko na sigara. Na kama mwili una rangi ya zamani inayobanduka, isugue ikiwa imelowa, usipeperushe vumbi lake, maana rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi.

4. Nyoosha soli. Lowanisha kioo, ubandike msasa namba 80 juu yake. Rudisha kiti, kisu na kibanio mahali pake na uvikaze kama vile unafanya kazi, ila kisu kirudishe juu kisiguse msasa. Sababu ni kwamba kibanio kikikazwa kinaukunja mwili kidogo, na unataka soli inyooke katika hali hiyo hiyo ya kazi.

Chora mistari ya maka kukatisha soli yote. Sugua mbele na nyuma, mikono miwili, uzito sawa. Baada ya mara ishirini geuza utazame: wino uliofutika ni pale palipoinuka, wino uliobaki ni bonde. Endelea hadi sehemu tatu zing'ae: ncha ya mbele, ukanda wote unaozunguka mdomo, na kisigino. Mabonde madogo katikati hayana madhara, yaache. Maliza kwa namba 120 na 220.

Kosa la wengi hapa ni kukandamiza mbele zaidi. Soli inaliwa upande mmoja na mwisho wa siku umetengeneza randa yenye tumbo.

5. Nyoosha mgongo wa kisu. Makali ni pale nyuso mbili zinapokutana. Unaweza kunoa mteremko mpaka kesho, uso wa pili ukiwa na vishimo hakuna makali. Kilaze mgongo bapa kabisa juu ya msasa 220 na usugue sentimita mbili za mwisho tu. Usikinyanyue hata unywele. Panda namba 400, 1000, 2000, hadi ule ukanda wa mwisho uakisi dirisha kama kioo. Kazi hii inachosha vidole, lakini kwa kisu kimoja unaifanya mara moja tu maishani mwake.

6. Noa. Hapa tutulie.

Mteremko wa kiwandani ni nyuzi 25. Sisi tunaweka ukingo mwembamba wa nyuzi 30 mbele yake, maana mbao zetu ni ngumu na makali membamba mno yanamong'onyoka. Hizo nyuzi 30 huhitaji kununua kifaa cha kupimia. Pima sm 10 kutoka kwenye makali ukipanda juu ya kisu, weka alama. Kata kijiti cha sm 5. Makali yakigusa kioo na alama ikikaa juu ya kijiti, kisu kimesimama nyuzi 30. Utazame mlalo huo, ushike kwa viwiko vilivyobana mbavu, kisha ondoa kijiti.

Sasa kivute kisu kuja kwako juu ya msasa 400. Vuta tu. Ukisukuma, makali yatapasua karatasi. Inua, rudisha mbele, vuta tena. Baada ya mivuto kumi hivi pitisha kidole gumba mgongoni ukielekea nje ya makali, kukatisha, wala usipitishe kidole kufuata urefu wa makali. Utasikia uzi mwembamba wa chuma uliokunjikia upande ule. Uzi huo ndio ushahidi kwamba umefika ukingoni. Usipousikia kutoka kona hadi kona, hujafika, na kuhamia namba 1000 ni kupoteza muda. Kila anayeniambia "nimenoa lakini haikati" aliruka hapa.

Ukishausikia wote, rudia kwa 1000 na 2000, mivuto michache. Kisha laza mgongo bapa kwenye 2000 na uvute mara mbili tatu kuuondoa uzi. Malizia kwenye ngozi, mara kumi kila upande, siku zote ukivuta kuelekea kwako.

Jaribio langu: peleka makali chini ya taa uyatazame kwa ncha. Makali butu yanaonekana, utaona mstari mweupe unaometa. Yaliyoiva hayaonekani, jicho halipati cha kushika. Ukiona hata nukta moja ya mweupe, rudi kwenye 1000.

*Onyo la mashine ya kunolea:* ukiwa na kisu chenye pengo kubwa utashawishika kukipeleka kwenye jiwe la umeme. Nikiwa najifunza kazi niliichukua patasi ya mwalimu wangu nikafanya hivyo. Baada ya nusu dakika ncha ikageuka bluu, na mimi nikaona imependeza. Mzee hakunigombeza. Aliigonga kwenye mvule mara mbili, akanionyesha ncha iliyolala kama ukucha uliolowa. "Mwanangu," akasema, "umeipika." Chuma cha vifaa hivi kinaanza kulegea kuanzia nyuzi joto 200 na ushee, na rangi ya bluu maana yake umeshapita. Kwa hiyo ukilazimika kutumia jiwe la umeme, gusa sekunde mbili, chovya majini, gusa tena. Vaa miwani, usivae glavu, na usiache hata kona ya makali ibadilike rangi.

7. Funga bati la mgongo. Ukingo wake lazima ulale juu ya kisu bila mwanya. Viinue vyote viwili kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya, sugua ukingo wa bati kwenye msasa mpaka ufungike. Kwa kazi za kawaida liache mm 1 nyuma ya makali. Kwa mninga na mvule wenye nyuzi zinazopishana, lisogeze hadi nusu milimita au pungufu.

8. Rudisha na pima kwa mbao. Mteremko wa kisu unatazama chini, bati liko juu. Narudia kwa sababu nimeletewa randa zaidi ya moja ambazo kosa lake lote lilikuwa hilo. Kibanio kikaze kiasi cha kukishika kisu, lakini gurudumu bado lizunguke kwa vidole viwili.

Geuza randa chali, itazame soli kwa kufumba jicho moja, uzungushe gurudumu hadi mstari mweusi mwembamba utokeze. Ukitokeza zaidi upande mmoja, sawazisha kwa wenzo wa pembeni, yaani kile kipande cha chuma nyuma ya kisu kinachosogea kushoto na kulia. Halafu kirudishe kisu ndani mpaka kipotee, na uanze kupiga randa kwenye kipande cha msonobari ukikishusha robo mzunguko kwa robo mzunguko. Daima maliza mpangilio kwa kushusha, si kwa kupandisha, ili kisu kisirudi nyuma kazini. Maranda ya kwanza yatakuwa vumbi, kisha vipande, kisha utepe mzima mwembamba kiasi cha kusoma gazeti kupitia. Pakaza mshumaa kwenye soli mistari miwili mitatu na utasikia mwenyewe tofauti mkononi.

## Kuitunza

Jioni fagia maranda yote mwilini. Maranda mabichi yanashika unyevu, na randa iliyolala humo usiku inaamka na kutu. Ifute kwa tambara lenye mafuta ya cherehani, hasa mahali vidole vilipogusa, maana jasho letu ni chumvi. Usiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Inatoka jasho humo. Tambara la pamba lenye mafuta ndani ya sanduku la mbao kavu linatosha, hata kwa sisi tulio hatua chache kutoka baharini.

Ukiiweka mezani katikati ya kazi, ilaze ubavu, au kichwa chake kiegemee kijiti ili makali yasiguse kitu.

Usisubiri iwe butu kabisa. Ngozi kila saa moja ya kazi, msasa 2000 mara mbili kwa siku ya kazi nzito. Dakika tatu.

Kuazimana kupo kwenye kazi zetu na sikatazi. Lakini chapa herufi zako kwenye mpini kwa msumari wa moto, na randa iliyonolewa umwazime anayejua kunoa. Mwingine mpe ya akiba.

Patasi zinoe kwa njia hii hii kuanzia hatua ya 5. Msumeno una mambo yake, ila jua hili kabla ya kununua tupa ya pembe tatu: misumeno mingi mipya ina meno yaliyofanywa magumu kwa joto, ncha zake zina weusi wa bluu, na tupa inateleza juu yake. Huo haunoleki. Ukitaka wa kunoa, tafuta wa zamani.

## Ikikusumbua

Inachana mbao. Geuza mbao upige kutoka upande wa pili. Ikiendelea, noa, punguza kisu, sogeza bati la mgongo karibu zaidi na makali. Kwa mpangilio huo.

Maranda yanakwama mdomoni. Kuna mwanya kati ya bati na kisu. Rudi hatua ya 7. Usiyachokoe kwa bisibisi kutokea chini, utayapiga makali.

Inaruka na kuacha mawimbi. Kuna kitu kimelegea. Kaza skrubu za kiti kwanza, halafu ile ya bati, halafu kibanio. Uchafu chini ya kisu nao unafanya hivyo hivyo.

Inaacha mistari miwili mirefu. Kona za kisu ndizo zinazochora. Zipitishe kwenye msasa 1000 kidogo tu, zipoteze ncha.

Inakata mwanzo wa mbao zaidi ya katikati, au mwisho. Ni mikono. Unapoingia kandamiza kwa mkono wa mbele, katikati gawa sawa, unapotoka uzito uhamie nyuma.

Makali yanakwisha haraka. Kama ncha iliwahi kugeuka bluu, saga taratibu kwa maji hadi upite chuma kilichopikwa. Kama ni mbao za kubomolea, tafuta misumari kwa sumaku kabla ya kuanza. Na kama ni mvule, mti huo una mawe ndani yake: chokaa ngumu inayojikusanya kwenye nyufa za mti ukiwa bado hai. Yanaonekana kama madoa meupe au ya kijivu kwenye mstari wa ufa. Randa ikikwaruza ghafla kwa sauti kavu, simama pale pale, usipige tena hata mara moja. Lichimbe doa kwa patasi kuukuu mpaka lote litoke, kisha tazama makali chini ya taa kabla ya kuendelea.